Ukuta Hauchoti Maji

Watu wa mjini hucheka nikiwaambia kwamba nilifungwa kwa sababu ya heshima. Wacheke tu. Ukiisimulia haraka inachekesha kweli: mtu mzima, fundi wa makochi, ana shahidi wake ameketi kwenye benchi nje ya mlango wa mahakama, kisha anasimama kizimbani na kumwambia hakimu kwamba hana shahidi. Hakimu anaandika. Kwisha maneno.

Shahidi huyo alikuwa mama mkwe wangu.

Kwetu upande wa Magharibi, mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni. Hawaketi wakaelekeana, hawali pamoja, hawapeani mkono. Najua kuna koo zilizolegeza, na hapa Nairobi nimeona wakwe wanaopigwa picha wamekumbatiana. Hiyo ni yao. Mimi nilipelekwa kuposa na baba yangu mdogo, na njia nzima aliniambia jambo moja, akalirudia mpaka nikakereka: mama mkwe hashikwi mkono. Siku ukiona amekunyooshea mkono kama anavyomnyooshea mtu yeyote, alisema, ujue wewe si mkwe tena. Ndoa imekwisha, chukua kofia yako uende. Nilimjibu kwamba sina kofia. Yeye hakucheka.

Nilikuwa nikiishi mtaa wa Lindi, Kibera, kwenye chumba kimoja cha mabati, na kazi nikifanya Kawangware, kituo cha 46, katika kibanda cha makochi. Nilikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Tajiri wangu pale kibandani aliniamini hata akanipa ufunguo wa pili wa kufuli, maana mimi ndiye niliyefika mapema. Ufunguo ule niliuvaa shingoni kwa kamba, na sitadanganya, nilijisikia mtu.

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa pili, hospitali ilimshikilia kwa sababu ya presha, na wodini wanaume hatukuruhusiwa. Mama yake akasafiri kutoka nyumbani aje kumtunza binti yetu mkubwa, ambaye alikuwa bado hajui hata kufunga vifungo. Sasa niambie, heshima ya mkwe inakaaje ndani ya chumba kimoja? Inakaa, ukitaka ikae. Mimi nilihamia kulala kwa fundi mwenzangu, na mchana nikija kuwaona nilikaa nje ya mlango, yeye akabaki ndani, katikati yetu pazia la maua. Majirani walituona kama sinema.

Jumapili ile nilikaa nje tangu asubuhi hadi jua lilipoanza kushuka, nikifunga upya kitambaa cha kiti cha jirani wa mlango wa pili. Ploti yetu ya vyumba vya kupanga ilikuwa kimya, wengi walikuwa kanisani. Kwa kawaida mama mkwe alizungumza nami kupitia kwa mtoto: mwambie baba hivi, mwambie baba vile. Lakini mtoto alikuwa amelala, ana joto. Basi akaanza kuzungumza na ukuta.

"Maji yameisha," aliuambia ukuta.

Niliweka nyundo chini, nikachukua mtungi, nikaenda kupanga foleni penye maji, nikarudi, nikausukuma mtungi chini ya pazia. Kisha nikakohoa ili ajue nimeondoka mlangoni. Nikaiambia nyundo yangu kwamba maji yamefika. Baadaye ukuta ukaambiwa makaa ni kidogo. Nikaleta makaa. Ukuta ukaambiwa joto la mtoto halishuki, nikaenda duka la dawa. Na mara moja, nilipojigonga kidole nikatoa neno lisilofaa, nilisikia kicheko kidogo nyuma ya pazia, kikakatizwa haraka, kama mtu aliyeziba mdomo kwa leso.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo hata sauti yake siikumbuki. Saa kumi hivi kikombe cha chai kilitokea chini ya pazia, na kando yake kiazi kitamu kilichochemshwa. Sikuwa nimeomba. Niliinywa ile chai nikitazama ukuta wa jirani, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kumwambia mtu.

Jumatatu nilifika kibandani nikafungua kufuli kwa ufunguo wangu, na kichwa cha cherehani hakikuwepo. Meza ipo, pedeli ipo, kichwa hakuna. Kufuli halikuvunjwa. Mama muuza makaa wa ng'ambo ya barabara alisema kwamba Jumapili alasiri alimwona mwanamume mwenye dastikoti ya buluu, lile koti refu la kazi, akitoka na gunia zito. Mafundi wote wa Kawangware wana dastikoti ya buluu. Lakini ufunguo ulikuwa shingoni mwangu, na tajiri aliutazama ule ufunguo kabla hajanitazama mimi. Kufikia mchana nilikuwa ndani.

Nilisomewa shtaka la wizi. Nikaulizwa ni kweli au si kweli, nikasema si kweli. Pesa za bondi zilinishinda, nikapelekwa rimandi kungoja kusikilizwa. Mtoto wetu wa pili nilimwona kwa mara ya kwanza kutoka kizimbani, amefungwa kwenye shali, na sikuweza hata kujua amefanana na nani. Jirani wa mlango wa pili, ambaye kiti chake nilikuwa nikikifunga siku ile na ambaye alikipokea jioni, alikuwa ameahidi kuja kunishuhudia. Kesi ilipofika alikuwa amehama, na hakuna aliyejua kahamia wapi. Wapangaji wa Kibera huhama kama wanavyobadilisha shati, simlaumu. Kidogo namlaumu.

Siku ya kusikilizwa, mke wangu alikuja karibu na mlango wa seli za mahakama akaninong'oneza kwamba mama amefika. Amesafiri kwa basi usiku kucha, amevaa sare yake ya akina mama wa kanisa, yuko tayari kusema alichosikia. Nilishukuru Mungu. Nilidhani, kwa ujinga wangu, kwamba shahidi huingia, hakimu humwuliza, naye hueleza, huku mimi nimeinamisha kichwa changu pembeni kama mtu mwenye adabu. Hata kuhusu hilo hakuna aliyewahi kunieleza lolote.

Muuza makaa alitoa ushahidi wake. Nikaambiwa nimwulize maswali. Nilimwuliza, "Mama, mimi na wewe tuna ubaya gani?" Akasema hatuna. Nikaketi. Nilijiona nimeuliza swali zito. Ilinichukua muda mrefu sana kuelewa kwamba nilipaswa kumwuliza kama aliuona uso.

Ilipofika zamu yangu, niliapa na kusema kwamba siku ile nilikuwa kwangu Lindi. Mwendesha mashtaka akauliza ni nani aliyeniona. Hakimu naye akainua kichwa, akauliza kama nina mashahidi. Hapo ndipo nilipoinama nikamwuliza karani, ambaye alikuwa ameketi karibu na kizimba, ni nani atakayemwuliza shahidi wangu maswali.

"Ni wewe," karani alisema. "Shahidi ni wako. Yeye atasimama pale, wewe hapa, umwongoze."

"Hakuna mtu mwingine?"

"Umekuja na wakili?"

"La."

"Basi ni wewe."

Nilitazama kile kizimba cha mashahidi. Kilikuwa kimeelekeana na changu, hatua chache tu, hakuna pazia. Mlango wa mahakama ulikuwa wazi nusu, na kutoka niliposimama niliona pindo la gauni jeupe na viatu vyeusi vilivyong'arishwa, vimepangwa pamoja chini ya benchi. Nilijaribu kufikiria nikimtazama mama yule machoni na kumwambia mbele za watu, haya, sema siku hiyo ulikuwa wapi, ulikuwa na nani. Nilijaribu, wallahi. Ulimi ukakataa. Nilijua pia kwamba yeye angekubali kuvumilia aibu hiyo kwa ajili yangu, na hilo ndilo lililonifunga kabisa.

"Sina shahidi, mheshimiwa," nikasema.

Nilihukumiwa mwaka mmoja.

Mke wangu alikuja gerezani kunitembelea mara moja. Nilijaribu kumweleza kwamba nilimhifadhi mama yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, mtoto mgongoni, kisha akasema maneno ambayo bado nayasikia nikipigilia msumari.

"Mama alisafiri usiku kucha aje asimame na wewe. Ukamwambia hakimu huna mtu."

Nilimwambia hakuelewa. Akasema ameelewa vizuri, na kwamba mama yake alirudi nyumbani bila kusema neno hata moja, amebeba kile alichokuja nacho kifuani. Kisha akasema atawapeleka watoto Magharibi kwa muda. Nikasema ni vyema. Nilidhani "kwa muda" ni muda.

Gerezani kuna wafungwa waliosomeshwa sheria kidogo ili wawasaidie wenzao kuandika rufaa. Mmoja wao, mzee wa makamo aliyekuwa ndani kwa mambo makubwa kuliko yangu, aliniuliza swali ambalo nililiona la kipuzi: siku nilipoanza kesi, kuna mtu aliyeniambia kwamba nina haki ya kuwa na wakili? Nikamwambia, nani amwambie fundi wa makochi habari za wakili? Akasema hapo ndipo rufaa yangu ilipo. Kwamba hata aliyeiba kuku ana haki ya kuambiwa, mapema kabisa, na mahakama iandike kwamba imemwambia. Kama hataki wakili au hawezi kumpata, hilo ni lingine. Lakini aambiwe. Nilikasirika. Nilimwuliza haki ya namna gani hiyo ambayo mtu huisikia akishafungwa. Akaniambia nipunguze sauti niandike jina langu hapo chini.

Rufaa ile ilimfikia wakili mmoja, msichana mdogo, wa shirika linalosaidia watu bila malipo. Alikuja kuniona na faili kubwa kuliko mkono wake. Moyoni nilisema, huyu ataniweza? Aliniombea dhamana nikingoja rufaa, na kweli akaipata, nikatoka.

Nilikwenda moja kwa moja Lindi. Mlangoni kwangu palikuwa na pazia jingine, la mistari, na mwanamke nisiyemjua akikaanga samaki. Vyombo vyetu vilikuwa vimechukuliwa na mke wangu, mwenye nyumba akasema, vyote, hata ile meza niliyoitengeneza mwenyewe. Nilisimama pale nikinusa samaki wa watu. Yule mwanamke aliniuliza, "Unatafuta nani, brathe?"

Nikapata chumba Kabiro, upande wa Kawangware, karibu na kazi, ingawa kazi nayo ilikuwa haipo. Mafundi wengi walinijua. Hatimaye mmoja alinichukua kwa sababu mkono wangu kwenye vifungo vya kochi haukuwa na mpinzani, lakini aliniambia wazi, bila ubaya, kwamba ufunguo sitashika. Basi nikawa mtu wa kufika mapema na kusimama nje ya kufuli nikingoja mwenyewe aamke. Ukitaka kujua jina lililoharibika lina uzito gani, simama hapo asubuhi moja ya mvua, wenzako wanapita wanakuambia "niaje, mwizi" kwa mzaha, na wewe unacheka nao.

Mke wangu nilimpigia simu kila Jumapili. Mwanzoni alishika, akanipa binti yetu aniimbie. Baadaye akawa anashika dada yake, anasema yuko shambani. Baadaye zaidi simu ikawa haipatikani. Nilijiambia ni hasira, na hasira za nyumbani huisha mtu akisafishwa jina. Nilijiambia pia ni mtandao. Mtu akiwa peke yake hujiambia mengi, na hakuna wa kumbishia.

Jumapili hizo niliketi nje ya mlango wangu wa Kabiro na nyundo yangu, nikifunga viti vya watu. Wakati mwingine nilikohoa bila sababu.

Kabla ya rufaa kusikilizwa, wakili aliniuliza kwa nini nilisema sina shahidi. Nilizunguka mbuyu kwa muda, kisha nikamwambia yote, pazia, ukuta, chai, viatu vyeusi. Nilikuwa tayari kumkemea akicheka. Hakucheka. Alisema kwa sauti ya pole kwamba ningemwambia hakimu tu. Ningesema, mheshimiwa, mila yetu hairuhusu nimwulize mama huyu, na hakimu angeweza kumwacha aeleze mwenyewe bila mimi kutamka neno. Au ningekuwa na wakili, akauliza yeye. Ndiyo maana mtu huambiwa haki yake, alisema, kwa sababu hatujui kila mtu anaingia mahakamani na nini moyoni.

Nilitaka kumkasirikia. Nilimtafutia kosa nikakosa. Kwamba mwaka wa maisha yangu na nyumba yangu vingeokolewa na sentensi moja ambayo naijua kuisema, kwa Kiswahili ninachokijua, hilo lilinikata maini.

Kisha akanieleza jaji anaweza kufanya nini. Anaweza kuifuta hukumu na kuniachilia moja kwa moja niende zangu, maana kosa lenyewe ni dogo na kifungo nimeshakionja. Au anaweza kuamuru kesi isikilizwe upya mbele ya hakimu mwingine. Yeye angeomba lile la kwanza.

"Ataandika kwamba sikuiba?" nikauliza.

"Hapana. Ataandika kwamba hukuambiwa haki yako."

"Basi kesi irudi."

Alinikumbusha kwamba ikirudi naweza kufungwa tena. Nilijua. Alisema mtu yeyote mwenye akili angechukua njia ya kwanza. Nikamwambia mimi akili yangu iko kwenye makochi. Sikutaka kuachiliwa, nilitaka yule mama asikizwe. Niliamini, na hapa ndipo penye uchungu, kwamba siku mama mkwe atakapotoa kile alichorudi nacho kifuani, mke wangu naye atarudi. Nilikuwa nimeyaunganisha mambo hayo mawili kama mbao za fremu.

Rufaa yenyewe ilikuwa fupi. Nilizoea kufikiri jaji atanguruma. Alisoma kwa sauti ya chini kwamba hakuna mahali popote katika mwenendo wa kesi panapoonyesha mshtakiwa aliambiwa anaweza kuwa na wakili, na kwamba udogo wa shtaka haupunguzi haki hiyo. Wakili wa serikali hakupinga. Hukumu ikafutwa, kesi ikarudishwa isikilizwe upya.

Nilitoka nje. Familia ya mtu mwingine ilikuwa ikishangilia kwa vigelegele, nikajipitisha katikati yao. Niliingia kibanda cha chakula nikaagiza chapati na maharagwe, na nilipoona siwezi kunyamaza tena nikamwambia mama wa kibanda kwamba nimeshinda rufaa. Alifurahi kwa dhati. Alisema, "Hongera, tajiri. Nikuongezee supu?" Nikasema ndiyo. Huyo ndiye mtu pekee niliyemwambia siku hiyo.

Kumpata mama mkwe ilikuwa kazi ya wakili, maana mimi simpigii mama mkwe simu. Alimpata kupitia kwa mchungaji wa kule. Akarudi kwangu akaniambia mama atakuja, na amesema tusihangaike na mapazia wala kugeuza viti. Amesema hakuna shida yeye kusimama mbele yangu. Nilishangaa. Nilisema, tazama upendo wa mama huyu, yuko tayari kuivunja mila kwa ajili yangu. Wakili alinitazama kidogo, akarudi kwenye faili lake.

Siku ilipofika, nilimtafuta mke wangu kwenye mabenchi nisimwone. Nikajiambia amebaki na watoto. Mama mkwe alipoitwa, niliinamisha kichwa nikakaza macho kwenye ubao wa kizimba, ambao umechongwa majina ya watu kwa kucha na funguo. Nilisikia viatu vyake. Nilisikia akila kiapo. Sauti ilikuwa ile ile ya nyuma ya pazia, na nikahisi harufu ya kiazi kitamu, sijui ilitoka wapi.

Wakili alimwuliza polepole, naye akaeleza Jumapili yote, tangu asubuhi mpaka kiti cha jirani kilipokwisha. Kisha mwendesha mashtaka akainuka.

"Mama, kwa hivyo siku hiyo hukumwona mshtakiwa kwa macho yako."

"Sikumwona. Mkwe haangaliwi."

"Basi unajuaje ni yeye aliyekuwa nje? Hukuona mtu."

Alipojibu hakuwa na hasira, alisema kama mtu anayemweleza mgeni njia.

"Niliuambia ukuta maji yameisha, maji yakaja. Nikauambia makaa ni kidogo, makaa yakaja. Nikauambia mtoto ana joto, dawa ikaja. Wewe mwanangu, kwenu ukuta huchota maji?"

Watu walicheka, hakimu pia. Mimi sikucheka. Machozi yaliangukia yale majina yaliyochongwa, na sikuyafuta kwa sababu sikutaka mtu ajue. Muuza makaa naye, safari hii, aliulizwa kuhusu uso. Alisema uso hakuuona.

Hakimu aliniachilia baada ya muda, siku nyingine, na aliandika kile nilichokitaka: kwamba aliamini ushahidi wa mama yule, kwamba mimi siye niliyechukua kile kichwa cha cherehani. Nakala ninayo. Yule fundi aliyenichukua kazini aliisoma akaenda akachongesha ufunguo wa pili, akanipa. Yote hayo yalikuja baadaye, na ni mazuri, nashukuru.

Lakini siku ile ya ushahidi, shughuli ilipokwisha, nilitoka nikasimama kando ya ukuta wa nje, nikaugeuzia uso kama inavyopaswa, nikingoja mama mkwe apite. Nilipanga kumtumia shukrani zangu kupitia kwa wakili. Viatu vyake vikaja, vikafika nyuma yangu, vikasimama.

"Geuka, baba," alisema.

Sikugeuka. Niliuambia ukuta kwamba namshukuru mama sana.

"Geuka. Si kosa tena."

Niligeuka. Tangu nioe sikuwa nimewahi kuuona uso wake hasa. Alikuwa na mwanya wa meno kama wa mke wangu, na paji lile lile pana, na macho yake yalikuwa yananitazama bila kukwepa, yamechoka. Aliniambia kwamba hakutaka niambiwe kwa simu. Binti yake ameolewa kwingine, tangu mavuno, na watoto wako salama, wanakula. Alisema alikuja kwa sababu jambo alilolisikia kwa masikio yake lilikuwa haliwezi kuoza ndani yake, mkwe au si mkwe. Alisema sikuiba, na kwamba hilo atalisema popote.

Kisha akaninyooshea mkono.

Niliutazama. Ulikuwa mkono wa jembe, vidole vimepinda kidogo, na ulingoja hapo hewani kati yetu, watu wakipita. Mkono wa mtu mzima hauachwi ukining'inia. Nikaupokea. Ulikuwa na joto. Akaniuliza habari yangu, nikamjibu ni nzuri, nikamwuliza ya safari, tukasalimiana hivyo, kama watu wawili wasiojuana.